Darasa Lilipohamia Nyumbani: Wazazi na Wanafunzi wa Urusi Walivyolipokea, na Yanayokuhusu Wewe

Jumamosi ya tarehe 14 Machi 2020, Wizara ya Sayansi na Elimu ya Juu ya Urusi iliviandikia vyuo vikuu ikivitaka vihamishie masomo mtandaoni. Siku tatu baadaye wizara ya pili, ile inayosimamia shule, ikatoa agizo lake. Mjini Moscow wazazi walikuwa wameambiwa kwamba kuanzia tarehe 16 wako huru kuwabakiza watoto nyumbani. Ilipofika tarehe 21 uhuru huo ukawa amri, na milango ya shule ikafungwa. Mwezi wa nne ulipoanza, nchi yenye shule karibu 40,000, wanafunzi wa shule zaidi ya milioni 16 na wa vyuo vikuu wapatao milioni 4 ilikuwa inasomea majumbani.

Hakuna mzazi aliyeulizwa. Korona haikutoa nafasi ya kuulizana, na wengi walilielewa hilo. Lakini kadiri majuma yalivyosonga malalamiko yaliongezeka, na hayakuwa tena juu ya ugonjwa. Yalikuwa juu ya kazi: nani anaifanya, kwa chombo cha nani, kwa saa za nani, na nani atalaumiwa mtoto akishindwa. Anayetaka kuelewa kwa nini wazazi wengi wa Urusi waliyakataa masomo ya masafa aanzie hapo. Waliokataa hawakuwa watu wanaoogopa mashine. Wengi wao walikuwa na miaka wakitazama alama za watoto wao katika shajara ya kielektroniki, wakilipa umeme kwa simu na kupanga zamu ya daktari mtandaoni.

Makala haya yanaeleza jinsi mfumo huo ulivyopokelewa, na hatua ambazo mzazi au mwanafunzi anaweza kuzichukua mapema. Yanamlenga zaidi msomaji mwenye kijana anayesoma Urusi au anayejiandaa kwenda huko. Wasomaji wa namna hiyo si wachache Afrika Mashariki na Kongo, kwa kuwa vijana wetu wamekuwa wakienda kusoma huko tangu miaka ya 1960.

Mzazi aliyegeuzwa mwalimu msaidizi

Mtoto wa Kirusi huanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 na nusu au 7. Kwa miaka minne ya mwanzo hufundishwa karibu masomo yote na mwalimu mmoja, ambaye hujua mwandiko wake, machozi yake na rafiki yake wa benchi. Alama za shule huenda hadi 5. Anayepata 2 ameshindwa. Ni mfumo unaotegemea sana macho ya mwalimu juu ya daftari. Mtoto wa darasa la pili hafundishwi tu kusoma. Anafundishwa kukaa, kusikiliza, kumaliza alichoanza.

Majira ya kuchipua ya 2020 yalimwondoa mwalimu huyo kando ya dawati na kumweka mama. Kazi ziliingia kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Mwalimu wa hesabu alitumia Uchi.ru, wa lugha alitumia YaKlass, wa Kiingereza aliita wanafunzi kwenye Zoom, wa michezo alitaka video ya mtoto akichuchumaa na kuinuka, na maelekezo yote yalipita kwenye kundi la wazazi la WhatsApp au Viber. Serikali ilikuwa na majukwaa yake, Shule ya Kielektroniki ya Urusi na lile la jiji la Moscow, lakini siku za mwanzo yalizidiwa na watumiaji. Mzazi alipakua karatasi ya mazoezi, akaichapisha kama ana printa au akainakili kwa mkono kama hana, akakaa na mtoto, akapiga picha kila ukurasa, akazituma kabla ya saa ya mwisho. Kama ana watoto watatu, alifanya hivyo mara tatu. Naye mwalimu, upande wa pili, alikuwa akisahihisha picha zenye ukungu hadi usiku.

Fikiria sasa nyumba yenyewe. Familia nyingi za mijini Urusi huishi katika fleti za vyumba viwili, baadhi zikiwa zimejengwa enzi za Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, na jiko lake halitoshi meza ya watu wanne. Baba anafanya kazi za ofisi humo humo, mtoto mkubwa ana kipindi, mdogo ana kipindi, kompyuta ni moja. Waliokimbilia nyumba zao za mashambani, zile zinazoitwa dacha, walipata hewa na nafasi lakini mtandao ukawa dhaifu. Na mama anayefanya kazi dukani au hospitalini hakuwa na siku ya kukaa nyumbani hata moja, kwa hiyo masomo ya mtoto wake yalianza yeye aliporudi jioni amechoka.

Wizara iliona mzigo huo na kushauri kipindi kifupishwe hadi dakika 30. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini ulipunguza muda wa mwalimu kwenye skrini bila kupunguza muda wa mzazi kwenye daftari. Hofu ya macho nayo ilikuwa kubwa. Kanuni za afya za Urusi zinaweka kikomo cha muda ambao mtoto anaweza kutazama skrini mfululizo kulingana na umri wake, na kanuni zilizoanza kutumika Januari 2021 zinakataza simu ya mkononi kutumiwa kama chombo cha kufundishia. Ilhali mwaka uliotangulia, watoto wengi hasa wa familia zenye kipato kidogo walisoma miezi mizima kwenye kioo cha simu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mbali hulisahau. Shule ya Urusi ni mahali pa chakula na pa ulinzi pia. Mtoto hula huko, na anayekosa mtu nyumbani hubaki hadi jioni katika kikundi cha baada ya vipindi. Shule zilipofungwa, mikoa kadhaa iligawa vifurushi vya vyakula kwa watoto waliokuwa wakilishwa bure. Tangu 1 Septemba 2020 chakula cha moto kwa watoto wa darasa la 1 hadi la 4 ni haki ya kisheria nchi nzima, na haki hiyo haiwezi kupitishwa kwenye skrini.

Hofu iliyokuwa na historia

Mwezi wa tano uvumi ulienea kwamba shule za kawaida hazitarudi. Maombi ya kupinga masomo ya masafa yalikusanya saini mtandaoni, na wazazi katika miji mbalimbali waliwaandikia wabunge na wizara. Rais Putin mwenyewe alilazimika kukanusha, akisema mtandao hautachukua nafasi ya mafunzo ya ana kwa ana, na waziri wa elimu ya shule, Sergey Kravtsov, alirudia kauli hiyo mara nyingi.

Kwa nini watu wengi hawakutulia? Kwa sababu walikuwa wameona mengine. Mwaka 2000 Urusi ilikuwa na shule zaidi ya 60,000. Miaka 20 baadaye zilikuwa karibu 40,000. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watoto kupungua vijijini, na sehemu ilitokana na sera ya kuunganisha shule ndogo ili kubana matumizi. Kijiji kilichopoteza shule yake kiliahidiwa basi la shule. Baadhi ya vijiji vilipata basi na kupoteza familia changa zilizohama. Mzazi wa kijiji cha namna hiyo akisikia kwamba mtoto anaweza kufundishwa bila jengo wala mwalimu wa karibu, anajua hesabu hiyo inaishia wapi.

Kisha zikaja karatasi za kisheria. Juni 2020 sheria ya elimu ya 2012 ilirekebishwa kuruhusu shule na vyuo kuhamia mtandaoni wakati wa dharura hata pale ambapo taratibu za kawaida zingezuia. Desemba mwaka huo serikali ikatangaza majaribio ya mazingira ya kidijitali ya elimu katika mikoa 14, hadi mwisho wa 2022. Wizara ilisema majaribio hayo yanahusu vifaa, mitandao na maudhui kama nyongeza ya darasa. Wazazi wengi waliyasoma kama mlango wa nyuma.

Naona wazazi hao walikuwa na haki ya kuhofu hata kama uvumi waliousikia haukuwa wa kweli. Shule zilirudi, na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini zilirudi katika nchi ambamo serikali ilikuwa imelazimika kuahidi hadharani, tena na tena, kwamba zitarudi. Ahadi hiyo ilitolewa kwa sababu wazazi walipaza sauti.

Vyuoni maoni yaligawanyika

Ukitoka kwa mzazi wa mtoto wa darasa la pili ukaenda kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuoni, unakuta sauti tofauti. Kijana wa Moscow au Saint Petersburg anayetumia saa tatu kwa siku kwenye metro na treni za vitongoji alipata saa hizo. Mihadhara ilirekodiwa, akaweza kuirudia. Aliyekuwa na kibarua aliweza kuchanganya kazi na masomo bila kuomba ruhusa. Wengi wao walisema wazi kwamba mihadhara mikubwa ibaki mtandaoni hata baada ya ugonjwa, na vyuo kadhaa vilikubali.

Malalamiko yao yalikuwa juu ya mambo mengine. Mwanafunzi wa kemia hawezi kuijua maabara kwa kuitazama. Mwanafunzi wa muziki aliyepiga violini mbele ya Zoom alisikika kwa mwalimu wake kama redio mbovu. Wanafunzi wa udaktari wa miaka ya juu walipitia jambo la pekee: nadharia ilihamia mtandaoni, lakini wao wenyewe waliitwa kufanya mafunzo ya vitendo katika hospitali zilizozidiwa na wagonjwa wa korona. Walioumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wa mwaka wa kwanza walioanza Septemba 2020. Hawakuwa wamejuana na mtu. Chuo kwao kilikuwa orodha ya majina kwenye kioo, nusu yake kamera zikiwa zimezimwa.

Suala la ada lilichoma. Wengi wanaojilipia walitaka punguzo, wakisema wamenunua chuo kizima chenye maktaba, maabara na walimu, na wamepewa viungo vya Zoom. Jibu la wizara lilikuwa kwamba kuhama kwa njia ya kufundishia si sababu ya kisheria ya kushusha ada, kwa kuwa mtaala na shahada ni vile vile. Vyuo vichache vilitoa nafuu kwa hiari yao.

Mitihani nayo ilileta ugomvi wake. Vyuo vikubwa vilitumia programu za usimamizi wa mbali: mtahiniwa anaonyesha pasipoti mbele ya kamera, anazungusha kamera chumba kizima, kisha anakaa bila kuondoa macho kwenye skrini. Anayeishi na bibi yake katika chumba kimoja alikuwa hatarini kila bibi alipopita. Mtandao ukikatika, alilazimika kuthibitisha kwamba ulikatika kweli.

Vuli ya 2020 picha za mwanafunzi mmoja wa mkoa wa Omsk, Siberia, zilizunguka nchi nzima. Kijijini kwao mtandao haukushika, kwa hiyo alikuwa akipanda mti wa mbetula ili simu ipate mawimbi, na akirekodi huko juu ombi kwa wakuu wa mkoa wake. Urusi ina miji yenye intaneti ya kasi na nafuu kuliko miji mingi ya Ulaya, na ina vijiji kama hicho. Ukisikia mtu anasema Warusi waliyapenda au waliyachukia masomo ya mtandao, muulize anazungumzia Warusi wa wapi.

Waliofaidika

Si haki kuacha upande huu. Watoto wenye magonjwa ya kudumu na wenye ulemavu, ambao kwa miaka walikosa vipindi, mara hii walikuwa sawa na wenzao. Watoto waliokuwa wakionewa darasani walipumua. Wazazi kadhaa waligundua kwamba mtoto wao anakwenda mbio zaidi akiwa nyumbani, wakaamua kuendelea hivyo kwa hiari.

Sheria inawaruhusu. Kifungu cha 17 cha sheria ya elimu kinatambua elimu ya kifamilia: mzazi anaiarifu mamlaka ya elimu ya eneo lake kwamba mtoto atasoma nje ya shule, kisha mtoto anakwenda shuleni kufanya mitihani ya kupima maendeleo. Wajibu wote wa kufundisha unahamia kwa mzazi. Mtoto akifeli, mzazi hawezi kusema mwalimu hakufundisha. Elimu hii ni kitu tofauti kabisa na masomo ya masafa yanayotolewa na shule, ambapo shule inabaki na wajibu wake wote hata kama mtoto yuko nyumbani. Wazazi wengi walichanganya mambo haya mawili mwaka 2020, na baadhi walitia saini karatasi wasizozielewa. Ukiwa na mtoto katika shule ya Urusi, usitie saini ombi lolote la kubadili namna anavyosoma kabla ya kuuliza swali hili moja: baada ya saini hii, anayewajibika kumfundisha ni nani?

Baada ya wimbi la kwanza

Wakuu walijifunza kitu. Wimbi la pili lilipokuja, Moscow iliongeza likizo ya vuli kuwa majuma mawili, kisha kuanzia 19 Oktoba 2020 ikawapeleka mtandaoni wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 11 tu. Wadogo walibaki darasani. Mamlaka zilieleza uamuzi huo kwa sababu za kitabibu, lakini pia ulikuwa jibu kwa kilio cha wazazi wa madarasa ya chini. Wakubwa walirudi 18 Januari 2021, na vyuo vikuu vya Moscow vikafunguliwa tarehe 8 Februari.

Leo masomo ya masafa hayajaondoka Urusi, yamekuwa akiba. Hutumika homa ya mafua inapofunga darasa, na katika mikoa ya Siberia na Yakutia baridi inaposhuka sana chini ya sifuri na watoto wakazuiwa kutoka. Katika mikoa ya mpakani na Ukraine kama Belgorod na Kursk hutumika kwa sababu ya vita. Huko kuna watoto ambao tangu 2022 wamesoma mbele ya skrini kwa muda mrefu kuliko walivyosoma wakati wa korona, na wazazi wao hawajadili tena kama mtandao ni mzuri au mbaya. Vyuo vya Belgorod, ambavyo kwa miaka vimepokea wanafunzi wengi kutoka Afrika, navyo vimelazimika kufundisha kwa mbali katika vipindi vya mashambulizi. Mzazi anayechagua mji wa kumpeleka mwanawe alitie jambo hili maanani kabla ya kutazama ukubwa wa ada.

Majukwaa pia yamebadilika. Zoom ilififia, mwaka 2021 kampuni za VK na Rostelecom zilianzisha Sferum kwa ajili ya shule, na tangu 2025 makundi ya shule yamekuwa yakihamishiwa kwenye programu ya kitaifa ya MAX. Mgeni anayenunua laini ya simu Urusi sasa husajiliwa pia kwa taarifa za kibayometriki, kazi inayochukua muda. Usidhani kijana atashuka uwanja wa ndege na kuwa mtandaoni jioni hiyo hiyo.

Kwa anayesoma au atakayesoma Urusi

Urusi ilifunga mipaka kwa wageni 18 Machi 2020. Wanafunzi wa kigeni waliokuwa ndani walibaki kwenye mabweni yaliyowekwa karantini. Waliokuwa likizo makwao walibaki nje, wengi wao hadi 2021, wakihudhuria vipindi kutoka Nairobi, Kigali au Kinshasa kwa bando. Watanzania walikuwa na nafasi ambayo majirani zao hawakuipata: safari za ndege kati ya Urusi na Tanzania zilirejeshwa 1 Agosti 2020, kati ya nchi za mwanzo kabisa, ingawa zilisimamishwa tena Aprili 2021.

Kama hali hiyo itajirudia, jambo la kwanza la kujua ni saa. Moscow na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki zina saa zile zile, mwaka mzima. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa 1960 na ambacho tangu 2023 kinaitwa tena kwa jina la Patrice Lumumba, kikianza kipindi saa tatu asubuhi, ni saa tatu asubuhi Mombasa pia. Vivyo hivyo Kazan na Voronezh. Lakini Urusi ina kanda 11 za saa. Kipindi cha saa tatu asubuhi Tomsk ni saa kumi na moja alfajiri Dar es Salaam, na cha Vladivostok ni saa nane usiku. Hakuna mwanafunzi anayeweza kusoma muhula mzima saa nane usiku akabaki na afya. Uliza kama mihadhara inarekodiwa na kama mahudhurio ya moja kwa moja yanahesabiwa katika alama.

Mwaka wa maandalizi ni mgumu zaidi. Wageni wengi huanza na mwaka mmoja wa kujifunza Kirusi kabla ya kuingia kwenye fani. Kirusi kina vipashio vya sauti ambavyo mwalimu hukusahihisha kwa kukutazama mdomo, na kina miisho ya maneno inayoshika kichwani kwa kuzungumza dukani na bwenini kuliko kwa kitabu. Aliyesoma mwaka huu kwa skrini aliufikia mwaka wa kwanza wa fani akiwa anasoma herufi lakini hasikii mhadhara. Kama unaruhusiwa kuahirisha mwaka wa maandalizi hadi uweze kusafiri, fikiria kuahirisha. Fani ya nadharia inaweza kuvumilia mtandao, lugha ni vigumu.

Mkataba usomwe kabla ya kulipwa. Sheria ya Urusi inatofautisha namna ulivyosajiliwa (wakati wote, nusu ya muda au kwa masafa) na teknolojia ambayo chuo kinatumia kukufundisha. Aliyesajiliwa kuwa mwanafunzi wa wakati wote hubaki hivyo hata akifundishwa kwa mtandao muhula mzima, na kifungu cha 16 kinakipa chuo ruhusa ya kutumia teknolojia hiyo. Kwa hiyo usitegemee kudai punguzo baadaye, lijadili sasa. Tafuta pia vifungu vya bweni: je, ukisomea nyumbani kwenu unaendelea kulipia chumba?

Kwa fani zenye bodi za taaluma, kama udaktari, uuguzi, famasia na uhandisi, kuna swali la nyumbani. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya (CUE) na taasisi za namna hiyo katika nchi jirani ndizo zinazotambua shahada za nje, na mabaraza ya taaluma hutazama mafunzo ya vitendo. Waandikie kabla hujakubali nafasi inayofundishwa kwa masafa kwa sehemu kubwa. Hifadhi kila hati inayoonyesha mafunzo ya vitendo uliyoyafanya, hospitali gani, saa ngapi.

Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo

Familia zinazoishi Urusi, na hata zisizoishi huko, zinaweza kuchukua kitu kimoja kikubwa kutoka kwa wazazi wa Kirusi: walipodai kwa pamoja, walipata. Madarasa ambayo wazazi walikaa na mwalimu wa darasa wakakubaliana njia moja ya kutuma kazi, saa moja ya mwisho ya kuzipokea na siku moja isiyo na kazi, yalikwenda vizuri zaidi kuliko yale ambamo kila mzazi alimfuata kila mwalimu kivyake usiku. Dai njia moja. Dai ratiba iliyoandikwa. Mwambie mwalimu mna kompyuta ngapi na watu wangapi. Shule nyingi za Urusi ziliazima vishikwambi na kompyuta mpakato kwa familia zilizoomba, na wasioomba hawakupewa.

Usimfanyie mtoto kazi. Najua inavyovutia saa nne ya usiku, picha ya daftari ikisubiriwa. Lakini alama hizo hazimdanganyi mtu ila wewe. Mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la 11 nchini Urusi haukuhamia mtandaoni hata mwaka ule mbaya. Ulisogezwa mbele, ukaanza rasmi 3 Julai 2020, na ulifanywa na wale tu waliotaka kwenda chuo kikuu. Wa darasa la 9 ulifutwa, na vyeti vikatolewa kwa alama za mwaka. Waliofanya ule wa darasa la 11 walikaa kwenye madawati yaliyotenganishwa, kwa kalamu nyeusi na karatasi, bila mama kando. Mtoto aliyeandikiwa insha miezi mitatu aligundua hapo kwamba mkono wake umesahau.

Kwa mtoto wa darasa la 1 hadi la 4, mweke mtu mzima karibu naye katika nusu saa ya mwanzo ya asubuhi, hata kama ni shangazi au jirani anayeaminika, kisha mwache afanye peke yake anachoweza. Skrini itumike kwa kumsikiliza mwalimu; mazoezi yafanywe kwenye karatasi. Apate muda wa kuzungumza na wenzake bila somo. Akianza kukataa kula, kulala mchana kutwa au kunyamaza, mpigie mwalimu siku hiyo hiyo, usisubiri kikao.

Na kwa kijana aliyekwishapata barua ya kukubaliwa katika chuo cha Urusi: andika leo kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uulize vipindi vipi vitafundishwa kwa mtandao muhula ujao, kwa jukwaa gani, kwa saa za mji gani, na bweni litalipiwaje ukichelewa kufika. Omba jibu kwa maandishi, lichapishe, uliweke pamoja na mkataba kabla ya kutuma ada.